Je, Wajua? Likizo Moja, Lugha Mia na Ushee

Juni imeingia, mtama unavunwa, shule zimefungwa. Pale Kibakwe, chini ya milima ya Rubeho wilayani Mpwapwa, kuna kijana mwenye takriban mwezi mzima mkononi, na ameapa kwamba safari hii hautaisha kwa kupiga soga tu: atajifunza lugha. Ipi? Wajomba wanasema Kichina, shangazi anasema Kiingereza, bibi anashangaa kwa nini si Kigogo. Kabla hamjampigia kura, someni kwanza haya.

Majirani wa koo nne

Je, wajua kuwa Tanzania ya kati ndiyo sehemu pekee barani Afrika ambako koo zote nne kubwa za lugha za bara hili zinaishi pamoja na kusalimiana? Panda basi la Kondoa ukasikilize mwenyewe. Kuna Kirangi, ambacho ni Kibantu kama Kigogo na Kiswahili. Kuna Kiburunge na Kialagwa, lugha za Kikushi, ambazo ndugu zao wa mbali ni Kisomali na Kioromo. Kuna Kidatooga cha wafugaji wa Kibarabaig, ambacho ni Kiniloti kama Kimaasai na Kijaluo. Na kuna Kisandawe, lugha ya vidoko, yenye ukoo wa peke yake.

Hesabu ya koo nne aliiweka mwanaisimu Mmarekani Joseph Greenberg mwaka 1963, na wenzake wa leo wanabisha kama lugha zote za vidoko kweli ni za baba mmoja. Wacha wabishane. Ajabu inabaki palepale: ukisafiri kwa barabara kutoka Lisbon mpaka Stockholm utavuka mipaka mingi, lakini karibu kila lugha kuu utakayoisikia njiani ni ya ukoo mmoja. Huku kwetu unavuka koo nne ndani ya mkoa, na wala hukuonyesha pasipoti.

Lugha tatu kabla ya saa sita

Inakadiriwa kuwa zaidi ya nusu ya watu duniani hutumia lugha mbili au zaidi katika maisha yao ya kila siku. Mtu wa lugha moja tu ndiye kioja, ingawa yeye mara nyingi hudhani kioja ni wewe.

Siku ya mnada ukanda huu wa Kibakwe unaliona jambo hilo kwa macho. Mama aliyeteremka na vitunguu vya Lumuma anaitikia "mbukwenyi" ya Mgogo mwenye mbuzi, anageuka kumwambia "kamwene" Mhehe aliyetoka upande wa Iringa, kisha bei anaitaja kwa Kiswahili ili kila mtu aisikie na asije akasingiziwa kesho. Pembeni wapo Wasagara na Wakaguru. Hakuna anayeuita ufundi huo elimu, wala hakuna cheti kilichotolewa. Lakini mpeleke mama huyo Ulaya, utakuta ofisi inayomlipa mtu mshahara kwa kazi hiyohiyo.

Kichina kinataka likizo 18

Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kinachowafundisha wanadiplomasia wao, kimeweka hesabu ya saa za darasani anazohitaji mtu wa Kiingereza ili aimudu lugha kikazi. Kifaransa ni kama saa 750. Kiswahili ni kama 900. Kichina, Kiarabu, Kijapani na Kikorea ni saa 2,200 kila kimoja.

Sasa chukua kalamu. Kijana wetu akisoma saa nne kila siku, Jumapili zote na siku za kuchota maji zikiwemo, mwezi unampa saa 120. Kwa kasi hiyo Kifaransa kingemtaka likizo sita na kipande, na Kichina likizo 18 na kipande. Akianza leo akiwa na miaka 14, na akawa anasoma likizo ya Juni peke yake, atakimaliza Kichina akiwa na miaka 32, pengine na watoto wawili wanaomuuliza baba anaongea nini.

Hesabu hizo ni za mtu aliyekulia Kiingereza. Kwa mtu aliyekulia Kiswahili, lugha za jirani zinaporomoka bei. Ngeli anazo tayari. Kitenzi kinachobeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, jambo linalomtoa Mzungu jasho, kwake ni ugali wa kila siku. Watu kwa Kigogo ni "wanhu". Hapo unahitaji mwalimu au unahitaji kusikiliza tu? Msimamo wangu ni huu, na shangazi aniwie radhi: mwezi mmoja utumike kwa lugha ambayo mwenyewe anakaa nyumba ya pili, mtu unayeweza kumsumbua hata saa mbili usiku. Kichina kianze siku kitakapopata mwaka.

Lakini jihadhari na malenga

Lugha za karibu zina mitego yake. Ukiwa mgeni Ugogoni ukasikia mtu anaomba "malenga", usimtafutie mshairi: ana kiu, anataka maji. Walimu wa lugha wanaijua sana shida hii. Lugha mbili zinazofanana huingiliana kichwani kuliko lugha mbili zisizojuana kabisa, ndiyo maana wengi wao hushauri usianze Kigogo na Kihehe kwa pamoja katika mwezi uleule. Moja ikae kwanza.

Robo saa ya Burton

Mwaka 1857 alipita kwenye milima hii ya Rubeho Mwingereza mmoja, mgonjwa wa homa, akielekea Ugogo na baadaye Ziwa Tanganyika. Jina lake Richard Burton, na katika maisha yake alijifunza zaidi ya lugha 25. Mbinu yake aliieleza mwenyewe, na inashangaza kwa udogo wake.

Alitafuta kitabu chepesi cha sarufi, akaweka alama kwenye maneno na miundo asiyoweza kuishi bila hiyo, akawa anatembea navyo mfukoni na kuvichungulia kila alipopata mwanya. Hakuzidisha robo saa kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa alisema baada ya hapo akili inachacha. Akishakusanya maneno kama 300, kazi aliyoiona ni ya wiki moja, alirukia kitabu chepesi, mara nyingi mojawapo ya Injili, kwa kuwa anajua tayari hadithi inaendaje. Sauti ngumu, kama ghaini ya Kiarabu, aliirudia maelfu ya mara kwa siku mpaka ulimi unyooke.

Burton alikuwa na majivuno mengi na aliyoyaandika kuhusu Waafrika yanaudhi mpaka leo. Robo saa yake, hata hivyo, ni ya kuibwa. Haihitaji bando, haihitaji umeme, na inatosha ukisubiri maharage yachemke.

Neno lililopita midomo mitatu

Katika msafara huohuo wa Burton alikuwemo mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko yeye lakini akasifiwa kidogo tu. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akafikishwa India, na huko akajua Kihindustani. Mwenzake Burton, John Speke, alikuwa askari aliyetumikia India. Kwa hiyo Mwingereza na Myao walikutana Afrika Mashariki na kuelewana kwa lugha ya Bara Hindi! Speke akitaka kujua kisima kiko wapi, swali lilitoka kwa Kihindustani, Bombay akaligeuza Kiswahili, na aliyejua Kigogo akalifikisha. Jibu lilirudi kwa njia hiyohiyo, na hapo ujiulize ni mangapi katika vitabu vyao maarufu yalidondoka njiani.

Bombay alirudi tena nyanda hizi na wapelelezi wa Kizungu: na Speke na Grant, kisha na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron, ambaye naye alivuka bara kutoka Bagamoyo mpaka pwani ya Angola. Lugha aliyoipata utumwani ndiyo iliyompa ajira ya maisha. Alifariki mwaka 1885.

1885, mwaka wa orodha

Mwaka huohuo wa 1885 vilitoka vitabu viwili ambavyo kila mwanafunzi wa lugha anavifuata hata kama hajavisikia.

Cha kwanza kiliandikwa Ujerumani na Hermann Ebbinghaus. Alijitungia silabi zisizo na maana yoyote, akazikariri, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku amesahau ngapi. Akagundua kwamba kusahau kunaanza kwa kasi ya ajabu katika saa za mwanzo, halafu kunapungua mwendo. Na kwamba kurudia kidogokidogo kwa siku kadhaa kunashinda kukesha usiku mmoja. Wanafunzi wa madrasa waliolazimishwa kurudia sura ya jana kabla ya kupewa ya leo walikuwa ndani ya utafiti huo bila kuambiwa.

Cha pili kilitokana na kazi ya mmisionari wa CMS, J. T. Last, aliyeishi Mamboya kwenye nchi ya Wakaguru, mashariki ya Mpwapwa. Yeye alitengeneza orodha moja ya maneno na sentensi 250, akaitafutia majibu katika lugha na lahaja 48 za kusini mwa ikweta. Mwaka uliofuata akatoa sarufi ya Kikaguru. Fikiria uvumilivu wa wazee waliokuwa wakiulizwa maneno hayo 250, siku baada ya siku, na mtu anayeandika kila wanachokohoa. Majina yao hayasomeki popote kwenye jalada, ilhali kitabu ni chao.

Kijana wa Kibakwe anaweza kuiga bila kusafiri: daftari moja, safu tatu, Kiswahili, Kigogo, Kihehe. Bibi atajibu huku anachambua mboga.

Vidoko kumi na tano

Kisandawe, kinachozungumzwa upande wa Kwa Mtoro na watu wapatao makumi ya maelfu, kina konsonanti 15 za vidoko peke yake: sehemu tatu za kugonga ulimi, kila moja kwa namna tano. Kidoko unakijua. Ni ule mlio wa pembeni ya ulimi tunaoutumia kumhimiza punda atembee. Tofauti ni kwamba sisi kidoko tunampigia punda, na Msandawe anakitia katikati ya neno, mbele ya irabu, bila kupunguza mwendo wa sentensi.

Lugha za vidoko Afrika Mashariki ziko tatu tu: Kisandawe, Kihadza cha kando ya Ziwa Eyasi, na Kidahalo cha pwani ya Kenya upande wa Lamu, ambacho wasemaji wake wamebaki mamia. Nyingine zote ziko kusini, maelfu ya kilomita kutoka hapa. Mtu wa Dodoma anayetaka kusikia vidoko halisi hahitaji ndege. Nauli ya basi la Chemba inatosha.

Mnyama akifa, jina nalo linabadilika

Wahadza wako kama 1,000 tu, na lugha yao haijapatiwa ndugu wa hakika popote duniani. Ndani yake mna jambo la kupendeza: baadhi ya wanyama, kama dazeni moja hivi, wana majina mawili. Pundamilia anayekimbia ana jina lake. Pundamilia aliyeangushwa kwa mshale anaitwa kwa jina lingine kabisa, la furaha ya windo. Twiga vivyo hivyo. Mwindaji akirudi kambini na kutamka neno moja tu, watu wameshajua kama waandae kisu au waandae pole.

Mkwe asiyetajika

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mwanamke wa Kidatooga akiolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na hilo ungelitegemea kwa makabila mengi yenye adabu za ukweni. Ila kwao mwiko unakwenda mbali zaidi: haruhusiwi pia kutamka maneno ya kawaida yanayofanana kwa sauti na jina hilo. Ingekuwa kwa Kiswahili, mwenye mkwe anayeitwa Mavuno asingeweza kusema "kuvuna" wala "wavunaji", msimu wote, mbele ya mtu yeyote. Na Juni ndiyo hii!

Kwa kuwa maisha hayasimami, wanawake wa Kidatooga wana akiba nzima ya maneno mbadala, yanayojulikana na kufuatwa na jamii, na binti huyapata kwa kuwasikiliza mama na shangazi zake. Wanaisimu wameirekodi akiba hiyo na kuikuta ni pana. Anayechagua Kidatooga kwa likizo ajue basi kwamba amechagua lugha moja na nusu, na kwamba ile nusu, ambayo ndiyo tamu, inakaa jikoni kwa kina mama.

Kesho inayokaa nyuma

Lugha za Kibantu ziko kama 500, na karibu zote husema kama sisi: kiashiria cha wakati kwanza, kitendo baadaye. Ni-ta-lima. Kirangi cha Kondoa kinageuza gari: katika wakati ujao kitendo kinatangulia na kisaidizi kinafuata, kana kwamba ungesema "kulima nita". Kimbugwe, jirani yake wa upande wa Babati, nacho kina tabia hiyo. Jambo hilo dogo limezaa tasnifu nzima ya udaktari iliyoandikwa London, na maelezo yanayotajwa sana ni kwamba Warangi wameishi karne nyingi pamoja na watu wa Kikushi na wengineo, wakaazimana hata mpangilio wa maneno.

Chuo cha lugha ndani ya kambi

Jirani na Mpwapwa iko Kongwa. Watu wengi wanaikumbuka kwa mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuishia kuwa hasara ya kihistoria. Wachache wanakumbuka kwamba kuanzia mwaka 1964 Kongwa ilikuwa kambi ya wapigania uhuru. Walianza FRELIMO wa Msumbiji, Samora Machel akiwemo, wakafuata ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola.

Hesabu lugha hizo: Kireno, Kixhosa, Kizulu, Kioshiwambo, Kindebele, Kiingereza, na juu yake Kigogo na Kikaguru za wenyeji waliowauzia maziwa na kuku. Kijana wa Windhoek na kijana wa Maputo hawakuwa na neno moja la pamoja walipofika. Kiswahili ndicho kilichowafikisha dukani, mpirani na uchumbani, na baadhi yao waliondoka nacho mpaka makwao. Hawakupewa kitabu wala mtihani. Kilichowafundisha ni njaa ya kuongea.

Likizo inayouzwa kwa Kiingereza

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na Kidato cha Kwanza huanza Januari. Katikati kuna kama miezi minne, na ndiyo likizo ya lugha iliyo ghali kuliko zote nchini, kwa sababu mtoto aliyefundishwa karibu kila somo kwa Kiswahili kwa miaka saba anakwenda kukutana na fizikia kwa Kiingereza. Hapo ndipo vinapochipuka vituo vya "pre-form one", mjini na vijijini, kwenye madarasa yaliyoazimwa na hata chini ya mwembe.

Shangazi kwa hiyo hajakosea kusema Kiingereza. Ila kuna namna ya kukiendea. Katika Kiingereza, maneno 2,000 yanayotumika zaidi hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mtoto akigawa maneno hayo kwa siku 120 za likizo yake, ni kama 17 kwa siku. Mwalimu anayeanza na majina ya wanyama wa Ulaya na kuacha "because", "although" na "therefore" amewauzia wazazi gunia lenye mchanga.

Miaka 17 na miezi kadhaa

Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la sarufi ya Kiingereza walilolisambaza mtandaoni kama mchezo. Walijibu watu wapatao 670,000. Walichokiona ni kwamba uwezo wa kuokota sarufi ya lugha mpya unabaki juu mpaka mtu anapofika miaka 17 na ushee, kisha ndipo unaanza kushuka. Hapo kabla wengi waliamini mlango unajifunga utotoni. Mwenye miaka 14 kule Kibakwe bado yuko ndani ya muda. Mwenye 40 anaruhusiwa pia, ila atumie jasho zaidi. Kuzungumza kama mzawa ni habari nyingine: kwa hilo watafiti haohao wanashauri mtu aanze kabla ya miaka kumi.

Imba kwanza

Watafiti wa Edinburgh waliwachukua watu wazima 60 wakawafundisha vifungu vya Kihungaria, lugha ambayo hakuna aliyekuwa anaijua. Kundi moja lilirudia kwa kusema, lingine kwa kusema kwa mdundo, la tatu kwa kuimba. Dakika chache baadaye waimbaji ndio waliokumbuka vizuri zaidi.

Dodoma haikuhitaji kuambiwa hivyo. Hukwe Zawose, mzaliwa wa mkoa huu, aliimba kwa Kigogo na ilimba na zeze lake mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na hadi anafariki mwaka 2003 alikuwa amewafanya watu wa mabara mengine watamke Kigogo bila kujua kama ni lugha ya wapi. Na wanawake wa muheme, wenye ngoma mapajani, wanaimba mistari mifupi inayorudiwarudiwa. Ni somo lililokwisha kukatwa vipande tayari.

Kimya chenye sarufi

Lugha ya alama siyo Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina sarufi yake, mpangilio wake na vichekesho vyake. Shule ya kwanza ya watoto viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na kadiri shule nyingine zilivyofunguliwa kila moja ilikuza alama zake, ndipo baadaye kukawa na juhudi za kuziunganisha kuwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Anayeichagua kwa likizo anapata faida ambayo Kifaransa hakiwezi kumpa: anaweza kuongea huku anatafuna, na kupiga umbea kutoka ng'ambo ya barabara bila kupaza sauti.

Lugha isiyo na kijiji

Agosti 2024 Arusha ilipokea kongamano la dunia la Kiesperanto, la 109 kwa hesabu yao na la kwanza kufanyika Afrika. Lugha hiyo haina kabila. Aliitunga daktari wa macho wa Poland, Ludwik Zamenhof, akaichapisha mwaka 1887. Kanuni zake hazina vighairi: kila nomino inaishia na -o, kila kivumishi na -a. Mwandishi wa Urusi Leo Tolstoy alidai kwamba baada ya saa mbili tu alikuwa anaisoma. Huenda alikuwa anatamba, lakini hata tukizidisha mara hamsini, likizo moja bado inatosha na chenji inabaki.

Bingwa na ubongo wake

Kardinali Giuseppe Mezzofanti wa Bologna alisifiwa kwa lugha zaidi ya thelathini, na hakuwahi kutoka nje ya Italia maisha yake yote. Aliwangoja wageni, mahujaji na askari majeruhi wamfuate. Emil Krebs, mwanadiplomasia wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1930, inasemekana alimudu lugha 68, na ubongo wake umehifadhiwa Düsseldorf mpaka leo ili uchunguzwe. Mimi ningemchagua Mezzofanti: ametumia mbinu ya dukani kwa Mpemba, kukaa barazani na kuongea na kila anayepita.

Wakati wewe unachagua, wao wamekuchagua

Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wamekuwa wakitumia likizo yao ya Juni hadi Agosti kuja Arusha kujifunza Kiswahili kwa fedha za serikali yao, wiki kama nane, saa zisizopungua 20 za darasani kila wiki. Hiyo ni saa 160, na jioni wanalala kwa familia za Kitanzania, ambako darasa la kweli linaanzia mezani. Wakiwa hapo hukutwa na tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kwa kukumbuka siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954.

Ukimkuta mmoja wao stendi anahangaika na "kitabu kile" na "vitabu vile", jasho linamtoka, usimwokoe kwa Kiingereza. Kakata tiketi ya ndege ili aje kuhangaika hivyo hivyo. Mwongeze na neno moja la Kigogo bure.